Tumbo limekatwa Dar, ubongo unalishwa Mtwara

Anayerudi Kusini baada ya kupunguzwa tumbo kwa upasuaji Dar es Salaam ili apungue uzito hurudi na vitu viwili: karatasi ya ruhusa ya hospitali na habari aliyoisoma kwenye simu. Karatasi inamwambia ale kidogo kidogo, ameze vitamini kila siku, na arudi kupimwa baada ya miezi mitatu. Habari ya kwenye simu ni tamu zaidi. Inasema upasuaji unabadilisha bakteria wa utumbo, bakteria hao wanapeleka ujumbe kwenye ubongo, na kwa hiyo akili itachangamka. Karatasi inakunjwa na kuwekwa kabatini, habari inatumwa kwenye kundi la familia.

Sisi tunasimama upande wa karatasi. Habari ya bakteria si uongo, lakini imetangulizwa mbele ya mambo yanayoharibu ubongo kwa kasi kubwa zaidi. Na kwa mtu wa Mtwara au Lindi kuna jambo la tatu ambalo halimo kwenye karatasi wala kwenye simu, nalo ni muhogo.

Kwanza mkato wenyewe, kwa sababu makosa mengi ya chakula yanatokana na kutojua kilichoondolewa. Upasuaji ni wa aina mbili. Katika aina ya kwanza, robo tatu ya mfuko wa chakula au zaidi kidogo hukatwa na kutolewa kabisa, kinabaki kimrija chenye umbo la ndizi. Katika aina ya pili, upasuaji wa kuruka utumbo, mfuko huachwa tumboni lakini hutengwa: juu yake hutengenezwa kifuko cha mililita 30 hivi, sawa na vijiko viwili vya mezani, kikaungwa moja kwa moja na utumbo mwembamba, kwa hiyo chakula kinaruka sehemu ya mwanzo ya utumbo ambako madini ya chuma, kalsiamu na vitamini B1 hufyonzwa kwa wingi. Puto la kujaza tumbo, ambalo nalo huwekwa hospitali ya Mloganzila, Dar es Salaam, si upasuaji na hutolewa baada ya muda, lakini mwenye puto anayetapika mfululizo yumo kwenye hatari ileile tutakayoieleza.

Mfuko wa chakula si gunia la kuhifadhia tu. Ndio unaotoa tindikali inayoua vijidudu tunavyomeza na mate, na ndio unaotoa protini maalumu inayosindikiza vitamini B12 hadi mwisho wa utumbo mwembamba. Tindikali ikipungua, bakteria wa kinywani kama Streptococcus na Veillonella huvuka wakiwa hai na kuanza maisha chini. Baada ya upasuaji wa kuruka utumbo, jamii ya Escherichia huongezeka, na mara nyingi huongezeka pia Akkermansia muciniphila, anayeishi kwenye ute wa ukuta wa utumbo. Nyongo nayo hufika chini bila kuchanganyika na chakula, bakteria wakaigeuza kuwa asidi za aina nyingine ambazo mwili huzipokea kama ujumbe. Homoni za shibe, GLP-1 na PYY, hupanda baada ya mlo kuliko zilivyokuwa zikipanda. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walichukua bakteria wa panya waliofanyiwa upasuaji huo wakawapandikiza kwa panya waliolelewa bila bakteria hata mmoja. Panya hao wapya wakapungua uzito bila kuguswa na kisu.

Upande wa ubongo, ushahidi wa binadamu unaotajwa sana siku hizi ni wa Uholanzi. Utafiti uitwao BARICO, ambao matokeo yake ya miaka miwili yalichapishwa 2024, ulifuatilia watu 133 wenye umri wa miaka 35 hadi 55 waliofanyiwa upasuaji wa kuruka utumbo. Kumbukumbu na umakini viliongezeka, dalili za sonona zilipungua, na picha za ubongo zilionyesha gamba la upande wa sikio kuwa nene zaidi kuliko awali. Wapatao wanne katika kila kumi walipanda kwa asilimia 20 au zaidi kwenye vipimo vya akili.

Ni matokeo mazuri. Lakini watu hao walipungua uzito, shinikizo la damu likashuka, dawa zikapunguzwa, uvimbe wa ndani kwa ndani ukatulia. Mtu aliyekuwa akikoroma na kukosa hewa usiku kwa miaka kumi, akianza kulala vizuri, atakumbuka mambo vizuri zaidi hata kama bakteria wake hawajabadilika hata mmoja. Aliyekuwa na kisukari naye vivyo hivyo. Kuwapa bakteria sifa yote ni sawa na kumsifia utingo kwa basi kufika salama.

Dai jingine linalopendwa ni la serotonini: kwamba asilimia 90 ya kemikali hiyo ya furaha hutengenezwa utumboni, kwa hiyo ukilisha bakteria unapata furaha. Nusu ya kwanza ni kweli. Nusu ya pili inasahau kwamba serotonini ya utumboni haivuki ukuta unaochuja damu inayoingia kwenye ubongo. Ubongo hutengeneza yake wenyewe, kutokana na triptofani inayotoka kwenye protini. Asiyekula protini ya kutosha hana malighafi, awe na bakteria wa aina yoyote.

Njia ya bakteria yenye mantiki iliyonyooka ni nyingine. Bakteria wa utumbo mpana huchachusha nyuzinyuzi na kutoa asidi fupi za mafuta: asetati, propionati na butirati. Butirati ndiyo chakula kikuu cha seli zinazotandika utumbo mpana. Zikishiba, ukuta unabana, na sumu za bakteria hazivuji kwenda kwenye damu kuchochea uvimbe unaofika hadi kichwani. Kwa panya waliolelewa bila bakteria, ule ukuta wa ubongo wenyewe umeonekana kuvuja, na butirati ikaubana. Chakula cha bakteria hawa wazuri ni mbaazi, kunde, choroko, mboga na matunda, wala si chupa ya vidonge vya bakteria inayouzwa kwa bei ya gunia la mchele. Mwenye fedha za chupa hiyo tunamshauri azipeleke kwenye vitamini na vipimo vya damu, kwa sababu bakteria huleta faida yao kwa miezi na miaka, wakati vitamini B1 inadai deni lake ndani ya wiki chache.

Mwili mzima wa mtu mzima huhifadhi miligramu 25 hadi 30 tu za vitamini B1. Akiba hiyo hutosha wiki mbili hadi tatu. Mtu aliyefanyiwa upasuaji anakula vijiko vichache, sehemu inayofyonza B1 pengine imerukwa, na akianza kutapika hata kidogo anachokula kinarudi. Kipindi kibaya ni kati ya wiki ya nne na ya kumi na mbili. Seli za ubongo zinategemea sukari, na B1 ndiyo inayoziwezesha kuichoma sukari hiyo. Isipokuwepo, sehemu za katikati ya ubongo zinazoongoza macho, mizani ya mwili na kumbukumbu huanza kufa. Carl Wernicke alieleza ugonjwa huu mwaka 1881, na hadi leo unaitwa kwa jina lake.

Sasa tazama jinsi unavyoweza kupita bila kuonwa hapa kwetu. Mgonjwa yuko wiki ya sita, yuko Newala au Nachingwea, anatapika kila akila kwa siku kumi. Anaanza kuyumba akitembea. Anaongea mambo yasiyoungana. Zahanati inapima malaria, jambo ambalo ni sahihi katika mikoa hii. Mtaani mmoja anasema amelewa, mwingine anasema ana majini. Kwa kuwa hajala, anatundikiwa dripu ya sukari. Hapo ndipo hatari inapokuwa kubwa kabisa: sukari inaingia kwa wingi, B1 iliyobaki inatumika yote kuichoma, na mtu aliyekuwa akiyumba anaweza kufikia kutotambua watu ndani ya saa chache.

Mpangilio sahihi ni B1 kwanza, sukari baadaye, au vyote kwa pamoja kama sukari ya damu imeshuka na haiwezi kusubiri. Miongozo ya kutibu Wernicke hutumia miligramu 500 za B1 kupitia mshipa, zikipita taratibu kwa dakika 30, mara tatu kwa siku kwa siku mbili hadi tatu, kisha miligramu 250 kwa siku kwa siku kadhaa zinazofuata. Magnesiamu nayo iangaliwe, maana bila hiyo B1 haifanyi kazi. Dripu ya maji ya chumvi inafaa kumrudishia mgonjwa maji wakati B1 inatafutwa. Kipimo cha B1 hakipatikani kirahisi, na hata kikipatikana majibu yake huchelewa kuliko ubongo unavyoweza kungoja, kwa hiyo anayeshukiwa hutibiwa papo hapo. B1 ya ziada hutoka kwenye mkojo. Aliyecheleweshewa anaweza kupona macho na miguu lakini akabaki asiyeweza kukumbuka alichoambiwa asubuhi, na hali hiyo mara nyingi ni ya kudumu.

Vitabu hutaja dalili tatu: macho, kuyumba, kuchanganyikiwa. Wagonjwa wengi hawana zote tatu, kwa hiyo kusubiri zitimie ni kosa. Nyumbani mnaweza kuangalia hivi. Mwambieni afuate kidole kwa macho, kutoka kushoto kwenda kulia, bila kugeuza kichwa: macho yakirukaruka pembeni, au akisema anaona vidole viwili, hiyo ni dalili. Mwambieni atembee kwenye mstari, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine: akishindwa hatua tano, na zamani aliweza, msikae naye nyumbani, mpelekeni hospitali. Homa si sehemu ya ugonjwa huu. Ikiwepo, malaria au maambukizi mengine yanaweza kuwepo pamoja nao, na kimoja hakifuti kingine.

Kuzuia ni rahisi kuliko haya yote. Aliyefanyiwa upasuaji anahitaji angalau miligramu 12 za B1 kwa siku, na 50 ni salama zaidi, hasa miezi ya kwanza. Hapa watu hudanganywa na jina. Vidonge vingi vya B kompleksi vya bei nafuu vina miligramu chache tu za B1, na vingine havina B12 kabisa. Soma kibandiko, hesabu miligramu, muulize mfamasia mpaka akuonyeshe kwa kidole. Ampuli za mchanganyiko wa B1, B6 na B12 zinafaa kwa dharura, ila zisigeuzwe dawa ya kila wiki kwa miaka, kwa kuwa B6 nyingi ya muda mrefu huharibu neva zilezile tunazotaka kuzilinda. Anayetapika siku mbili au tatu mfululizo asisubiri wiki iishe. Kutapika huko huenda kunatokana na njia iliyobana, na njia iliyobana haifunguki kwa subira.

Bakteria wanarudi kwenye hadithi hapa, lakini kwa sura ambayo habari za kwenye simu haziitaji. Baada ya upasuaji wa kuruka utumbo kunabaki kipande cha utumbo ambacho hakipitishi chakula. Tindikali ni kidogo, mwendo ni wa polepole, bakteria wakazaliana mahali ambapo hawakupaswa kuwa wengi. Dalili ni tumbo kujaa gesi muda mfupi baada ya kula, kuharisha kunakonuka vibaya, na uchovu. Bakteria hao wanakula B12 na B1 kabla mwenyewe hajazifyonza, ila wanatengeneza foleti, vitamini nyingine ya kundi la B. Kwa hiyo karatasi ya maabara yenye foleti ya juu na B12 ya chini isisomwe kama habari nusu nzuri nusu mbaya. Ni alama ya bakteria waliozidi. Mtu wa namna hii anaweza kumeza vidonge vya B1 kwa uaminifu kila asubuhi na bado akapungukiwa, mpaka apewe antibayotiki inayowapunguza bakteria ndipo vidonge vifanye kazi. Dawa za kuzima tindikali zikiendelezwa kwa mwaka mzima bila sababu huongeza tatizo. Ukiulizwa uhusiano wa moja kwa moja kati ya bakteria wa utumbo na ubongo baada ya upasuaji, huu ndio ulio wazi kuliko wote.

Tuje kwenye muhogo.

Kusini ina jambo la kushangaza. Ufuta, mbaazi na korosho hupelekwa ghalani, hupigwa mnada kwa mfumo wa stakabadhi, na husafiri hadi ng'ambo. Kinachobaki kwenye sinia la nyumba nyingi ni ugali wa makopa, yaani muhogo uliokaushwa. Kwa mtu mwenye tumbo zima, sinia kubwa lina nafasi ya kila kitu. Kwa mwenye tumbo la nusu kikombe, kila tonge la ugali limechukua nafasi ya samaki. Gramu 100 za ugali wa muhogo zina protini isiyofika gramu moja. Mahitaji yake ni gramu 60 hadi 80 kwa siku.

Muhogo mchungu una linamarini, kemikali inayoachia sianidi. Mwili huiondoa sianidi kwa kuifunga na salfa, na salfa hiyo hutoka kwenye protini, hasa methionini na sisteini. Muhogo usioandaliwa vizuri pamoja na upungufu wa protini ndivyo vinavyoleta konzo, ugonjwa unaokaza miguu ghafla kwa kuharibu njia za neva zinazoongoza mwendo, na usiorudi nyuma. Mikoa ya Kusini inajua habari hizi: mwaka 1988 watu wa wilaya ya Masasi walipata sumu kali ya muhogo uliofupishiwa maandalizi. Bakteria nao wamo. Linamarini inayofika utumboni bila kuguswa sehemu yake hutolewa kwenye mkojo, lakini bakteria wenye kimeng'enya cha kuivunja huachia sianidi ndani kwa ndani, na aina za bakteria hutofautiana kati ya mtu na mtu.

Tuwe waungwana kwa muhogo: anayekula nusu kikombe anapata pia sumu kidogo kuliko anayekula sinia. Hatusemi kila aliyepunguzwa tumbo atapooza. Tunasema mtu huyu ameondolewa kinga yake kuu, yaani protini nyingi, na B12 yake iko ukingoni, kwa hiyo uzembe wa maandalizi ambao jirani yake angeuvumilia yeye asiujaribu. Muhogo mtamu uliomenywa na kuchemshwa ni salama, kwa kipande kidogo. Kisamvu kinafaa pia kikitwangwa sawasawa na kuchemshwa muda mrefu bila mfuniko, sumu ikaondoka na mvuke.

Kwa unga wa muhogo ipo njia isiyogharimu kitu. Weka unga kwenye beseni, sawazisha, weka alama ya kimo chake ukutani mwa beseni. Ongeza maji huku ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha kuongeza maji. Tandaza kwenye mkeka kwa unene usiozidi sentimita moja. Uache saa mbili juani, au saa tano kivulini, kimeng'enya cha muhogo wenyewe kikavunja linamarini na sianidi ikapaa hewani. Songa ugali siku hiyohiyo, usiulaze ukiwa mbichi. Kosa la kawaida ni kuurundika kwa unene wa kiganja: juu panakauka, chini panabaki na sumu yake na kuanza kuchacha. Kiwango kinachokubalika kimataifa kwa unga wa muhogo ni miligramu 10 za sianidi kwa kilo, na njia hii huishusha hadi theluthi moja ya ilivyokuwa au chini zaidi.

Sahani inayofaa ipo sokoni Mtwara bila kuagiza kitu Dar. Kwa mtu aliyeshafika hatua ya vyakula laini na vya kawaida, kuanzia mwezi wa pili hivi, siku moja inaweza kwenda hivi: mayai mawili ya kuchemsha yanampa gramu 12 za protini, changu au kibua wa mchuzi, gramu 60 za mnofu mchana na nyingine kama hizo jioni, gramu 26, maziwa au mtindi mililita 300, gramu 10, unga wa dagaa vijiko viwili vya mezani ukinyunyizwa kwenye mboga, gramu 6, nusu kikombe cha mbaazi au choroko zilizoiva, gramu 6. Jumla 60. Imegawanywa mara tano au sita, kila mlo dakika 20 hadi 30, protini ikitangulia na ugali ukija mwisho kama nafasi imebaki. Mara nyingi haibaki, na hakuna ubaya.

Dagaa wa kusaga watolewe vichwa, waoshwe maji matatu au manne mpaka mchanga uishe, wakaangwe bila mafuta hadi wakauke kabisa, ndipo wasagwe. Wakisagwa na unyevu wataota ukungu ndani ya wiki katika joto la pwani. Mbaazi ziloweke usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe, zichemshwe mpaka ziminyike kwa vidole viwili. Wiki za mwanzo za kula mbaazi, zipitishwe kwenye chujio maganda yabaki. Anza na vijiko viwili, ongeza kijiko kila baada ya siku tatu au nne. Anayeanza na bakuli zima atavimba tumbo, atazilaumu mbaazi, na bakteria wake watakosa chakula chao bora kuliko vyote. Tui liwe la pili, jepesi. Kasimile, yaani tui zito la kwanza, limejaa mafuta na humwendesha chooni aliyerukishwa utumbo.

Mbaazi zina upungufu wa methionini, na ufuta unayo kwa wingi. Kijiko cha ufuta uliokaangwa na kusagwa juu ya mbaazi kinaziba pengo hilo, na ndiyo salfa ileile inayofunga sianidi. Lindi inalima dawa hii kwa magunia.

Korosho inastahili neno lake. Baada ya upasuaji madini ya shaba hupungua polepole, na upungufu wake huharibu uti wa mgongo kwa namna inayofanana kabisa na upungufu wa B12: ganzi miguuni, kutembea kama mtu anayekanyaga sponji, damu kupungua. Daktari akitibu B12 peke yake mgonjwa haendi mbele. Gramu 30 za korosho, kama kokwa ishirini za ukubwa wa kawaida, zina miligramu 0.6 hivi za shaba, na mahitaji ya mtu mzima ni 0.9. Kidonge cha zinki kinachomezwa kwa wingi, kwa ajili ya nywele zinazokatika, huizuia shaba isifyonzwe, kwa hiyo kila miligramu 8 hadi 15 za zinki ziambatane na miligramu moja ya shaba. Ila korosho hazibani njia wala hazishibishi haraka, na kokwa ishirini zina kalori kama 165. Anayetafuna bakuli zima jioni ataurudisha uzito, shaba ikiwa tele.

B12 haina haraka kama B1, kwa sababu ini lina akiba ya miaka kadhaa, na hapo ndipo watu wanapojisahau. Sindano ya mikrogramu 1,000 kila mwezi, au vidonge vya mikrogramu 350 hadi 1,000 kila siku, maisha yote. Madini ya chuma yamezwe mbali na chai, na mbali na kalsiamu kwa saa mbili. Bibo bichi au chungwa pembeni husaidia kuyafyonza. Damu ipimwe miezi mitatu, sita, kumi na miwili, kisha kila mwaka.

Sukari huushambulia ubongo kwa njia yake. Kwa aliyerukishwa utumbo, kikombe cha chai ya sukari na muhogo wa kuchemsha huingia kwenye damu kwa kishindo, insulini ikatoka kupita kiasi, na saa moja hadi tatu baadaye sukari ikaporomoka: jasho, mikono kutetemeka, kuduwaa, hata kuzimia. Tatizo hili hujitokeza zaidi mwaka wa kwanza hadi wa tatu, wakati mtu ameshasahau kuwa ni mgonjwa na amerudi kuendesha bodaboda. Akizidiwa anywe sukari kidogo, kisha ale protini mara moja, kwani sukari peke yake itamrudisha kwenye duara lilelile.

Ramadhani inahitaji mazungumzo na daktari kabla ya mwezi kuandama. Miezi ya mwanzo baada ya upasuaji si ya kufunga. Hata baadaye hesabu ya maji ni ngumu: lita moja na nusu kwa mafunda madogo, bila kunywa pamoja na chakula na kwa kusubiri nusu saa baada ya kula, kati ya futari na daku. Futari ianze na maji na supu ya samaki. Tende moja inatosha. Kaimati na tambi za sukari ni kuporomoka kwa sukari kulikopangwa saa.

Msimu wa korosho huja na uraka, pombe ya mabibo, na nyuma yake nipa, pombe kali ya mabibo hayohayo. Baada ya kupunguzwa tumbo, pombe hufika kwenye damu haraka zaidi na kwa kiwango cha juu zaidi, hasa kwa aliyerukishwa utumbo, na uraibu huongezeka miaka inayofuata. Pombe pia huzuia B1 kufyonzwa. Kipimo cha zamani cha mtu hakimhusu tena. Na mwenye kifafa au anayetumia dawa za akili amwambie daktari wake kuhusu upasuaji, kwa maana dozi aliyoizoea inaweza kufyonzwa kidogo mno au, kwa dawa kama lithiamu, kubaki mwilini kupita kiasi.

Kutoka Mtwara hadi alikokatwa tumbo ni zaidi ya kilomita 500. Atakayempokea usiku wa dharura ni nesi wa zahanati, au daktari wa zamu katika hospitali za Ligula, Sokoine, Ndanda, Nyangao au hospitali ya kanda pale Mitengo, na huenda mgonjwa hataweza kujieleza. Kwa hiyo aandike kipande cha karatasi, akipige picha, picha iwekwe mbele ya simu yake na ya mtu anayeishi naye. Mistari minne inatosha: aina ya upasuaji na tarehe yake, namba ya daktari aliyefanya, dawa anazotumia, na wa mwisho kwa herufi kubwa, NIKITAPIKA AU KUCHANGANYIKIWA, B1 KWENYE MSHIPA KABLA YA DRIPU YA SUKARI.